Betri ya Tatu

Karatu, Jumapili usiku

Mwanangu Aminieli,

Sikuulizi hali, maana nakusikia ukikoroma chumba cha pili, na ukikoroma hivyo najua u mzima. Mimi nimekaa hapa mezani na kalamu ya mama yako, ile anayoandikia nyimbo za kwaya, na nimeshaharibu karatasi kadhaa kabla ya hii. Usicheke mwandiko. Mkono uliozoea usukani ukiushikisha kalamu unakakamaa.

Mambo ya kuchemsha maji, kufua mashati, kutokula ovyo stendi na kutolala kwenye basi mpaka uibiwe viatu, mama yako amekuambia tangu juzi, hata mimi nimeyashika kwa moyo. Siyarudii. Ya masomo nayo sina la kukuambia. Mimi ni wa darasa la saba, gari nimejifunza kwa kuliosha, na wewe unakwenda Dar kwenye chuo cha ufundi ulichokitafuta mwenyewe. Ulirudia mtihani mwenyewe, ukaomba nafasi mwenyewe, ukapata. Nilisikia kwa mama yako. Nilikuwa nanawa mikono nile, akasema, "Mwanao ameitwa chuo," nikasema, "Ahaa, vizuri," kama vile nimeambiwa mvua itanyesha. Baadaye nilitoka nikasimama nyuma ya choo pale nikalia, mtu mzima mimi na ndevu zangu. Hilo hukulijua.

Ninachotaka kusema ni habari ya siku ile ya bondeni. Najua unaijua. Umeinyamazia, nami nimeinyamazia, tumeizunguka humu ndani kama watu wanaozunguka shimo la choo gizani. Mdomo wangu umeshindwa. Nimejaribu, haki ya Mungu nimejaribu. Kila nikianza, najikuta nakuuliza kama umefunga mlango wa banda la kuku.

Ngoja nianzie kwenye baiskeli yenyewe, kwa sababu mwanzo wake ni mimi, na nataka angalau mwanzo wangu mmoja uwe mzuri.

Yule daktari mzee wa Kizungu aliyekuwa akijitolea zahanati alipoondoka, aliiacha baiskeli yake ya umeme kwenye banda la lodge ya watalii. Betri yake ilikuwa imekufa. Ilikuwa imefungwa ndani ya boksi lake kama sanduku la kufuli, hakuna duka hapa wala Arusha lililokuwa na ya namna ile, wakasema ni takataka. Nikaiomba, nikaipakia juu ya gari, nikakuletea. Ulikuwa wakati ule matokeo yako ya kidato cha nne yametoka, na jina lako lipo kule chini ambako mzazi hapendi kufikisha kidole. Sikukugombeza. Watu wanadhani kutogombeza ni upole. Mimi nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nisingeweza kufungua mdomo. Nikaishusha ile baiskeli, nikasema, "Haya, chuma chakavu hicho, cheza nacho."

Nawe ukacheza nacho, aisee! Ukaanza na betri za pikipiki, ukaziunga tatu kwa mfuatano. Ikatembea mpaka kona ya kanisa ikazimika, ukarudi unaisukuma, watoto wanakuimbia nyuma. Ukafungua, ukafunga. Ikafika sokoni. Nikakuambia utatuunguzia nyumba. Kisha sijui ulizungumza nini na mafundi wa gereji, ukaja na betri tatu za gari ndogo, kuukuu lakini nzima, ukachomelea vyuma vyako. Mbili zikaning'inia ubavuni mwa gurudumu la nyuma, moja huku moja huku, kama madumu ya maziwa. Ya tatu ukaitengenezea kikapu cha chuma pale mbele, chini ya usukani. Nilikuuliza kwa nini usizirundike zote kwenye keria yaishe.

"Keria lazima ibaki wazi, baba."

"Ya nini?"

"Ya kukubeba wewe ukitoka kazini. Unachoka ukirudi kwa mguu kutoka yadi ya magari."

Nilicheka. Nilikuwa nimevaa kaki yangu iliyopigwa pasi, jina la kampuni kifuani. Nikasema, "Dereva wa Land Rover apandishwe keria, watu wanione? Thubutu!" Ukacheka na wewe. Lakini keria uliiacha wazi, na hata kipande cha godoro ukakifunga juu yake.

Sasa nikuambie upande wangu, ambao huujui, kwa sababu hukuwepo.

Wageni wana mazungumzo yao. Wakishaona tembo, wakishapiga picha pale ukingoni mwa kreta, wakatulia, lazima wamuulize dereva: una watoto wangapi, wanafanya nini? Kwao ni kama salamu. Tluway, unamjua Tluway, dereva mwenzangu, yeye huwaambia binti yake anakamua ng'ombe kule kwao na ana mdomo kuliko chiriku, wageni wanacheka mpaka machozi. Mimi waliniuliza wiki ile ile ya matokeo yako. Mama mmoja mwenye kofia pana. Nikasema kijana wangu anasubiri. Akauliza, anasubiri nini? Na mimi, sijui ni shetani gani, nikasema anasubiri kwenda Dar kusomea udaktari.

Akapiga makofi, Aminieli. Akamgeukia mumewe akamwambia, na mumewe naye akanipa mkono. Nikaona raha. Raha ya kijinga, lakini raha.

Wageni wanabadilika kila baada ya siku chache, kwa hiyo nilikuwa naanza upya kila mara, na kila mara nilikuwa naongeza chumvi. Ukaanza mwaka wa kwanza. Ukaingia wa pili. Nilikuwa nakupandisha darasa mwenyewe, bila mtihani. Ukawa unavaa koti jeupe, ukawa umeshamsaidia mama mmoja kujifungua. Wewe upo hapa Karatu kwenye kibanda chako unaziba pancha, mimi huko juu nakuzalishia watu watoto. Halafu uongo ukatoka kwa wageni ukaingia kazini. Madam mwenye kampuni alinisikia, akafurahi, akaanza kunitolea mfano kwa madereva wengine: mwangalieni Baba Aminieli, darasa la saba lakini amesomesha. Tluway alikuwa pale, na anakujua tangu unanyonya. Akaangalia viatu vyake. Hakunisemea, wala hakuniuliza, na bora angeniuliza.

Nilijiambia nafanya vile kwa sababu nakutakia makuu. Si kweli. Nilikuwa nakuonea aibu. Nimeliandika hilo na kulifuta mara ngapi usiku huu; sasa naliacha lilivyo. Nilimwonea aibu mtoto ambaye hakuiba, hakulewa, hakumtukana mtu. Kosa lako ni kwamba ulifeli hesabu na Kiingereza, na ulikuwa na grisi kwenye kucha.

Haya, siku yenyewe.

Nilikuwa na wageni wawili, mzee na mkewe, watu wema. Madam naye alikuja na gari langu siku ile, kuwasindikiza wageni mpaka geti la hifadhi. Betri ya gari nilikuwa najua imechoka. Fundi wa yadi aliniambia, nikasema itasukuma wiki. Tulipofika kwenye lile bonde kabla ya mpando wa kwenda getini, yule mama akaona ndege, akaomba tusimame. Nikazima gari, nao wakapiga picha zao. Nikawasha, likasema tik, basi. Nikarudia. Tik. Pale bondeni hakuna pa kuliserereshea, na nani asukume? Mzee na fimbo yake, mkewe, au madam na viatu vyake virefu? Tluway akapita anashuka mjini, gari limejaa wageni wa kuwahi ndege, hana waya wa kuchukulia umeme. Akasema, "Nitakutafutia mtu."

Sikujua atakutafuta wewe.

Nilikuona ukitokea juu ya kilima cha upande wa Karatu. Mwanzoni niliona kitu kinakuja kimya kimya bila moshi, na mtu juu yake hakanyagi pedali, miguu ameitanua, shati limejaa upepo. Ulikuwa unacheka. Umepanda mipando yote ile na betri zako tatu, haijazima, na baba yako ndiye wa kwanza kukuona. Ningekuwa baba wa maana ningerusha kofia juu. Mimi moyo ulinidunda kwa hofu, kama mwizi aliyesikia mbwa.

Ukashuka. "Shikamoo, baba."

Nikaitika kwa mbali. Ukainua boneti, ukainama. Madam akasogea karibu yangu, akauliza kwa Kiswahili, "Unamfahamu huyu?"

Na mimi nikasema, "Hapana, ni kijana wa mjini tu. Fundi baiskeli."

Ulikuwa umeinama, na mgongo wako ukasimama. Sijui nisemeje. Ulikuwa unalegeza nati, spana ikasimama, mgongo ukasimama, halafu vikaendelea. Ulipoinua kichwa uso wako ulikuwa mtupu, wa mtu wa dukani. Ukasema, "Mkubwa, hii betri imekufa, haitashika hata nikiwashtua. Mkizima huko kreta mtalala. Nitawafungia ya kwangu."

Mkubwa. Sekunde chache nyuma nilikuwa baba.

Ukafungua ile ya mbele kutoka kwenye kikapu chake, ukaifunga kwenye gari, ukasema, "Washa, mkubwa." Gari likashika mara moja. Wale wazee wakapiga makofi, mama wa watu akataka kupiga picha na wewe na baiskeli yako, ukasimama ukapigwa. Madam akaniambia, "Mpe chochote kijana wa watu." Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti, nikakunyooshea. Mkono huu huu unaoandika.

Ukaipokea kwa mikono miwili. Adabu tuliyokufundisha sisi wenyewe, ukanirudishia mimi pale barabarani. Ukasema, "Asante sana, mkubwa. Safari njema."

Nikaondoa gari. Na wewe betri mbili zilizobaki hazitoshi kuizungusha ile mota, mimi mwenyewe ulishanieleza. Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa unaisukuma kupanda kilima, na chuma chote kile na betri mbili zinaning'inia, umeinama mpaka kichwa kinakaribia usukani. Nikabadili gia. Ningeweza kusimama, Aminieli. Breki zilikuwa nzima. Yule mama kule nyuma akasema kijana yule ana akili sana, natumai mtu atamsaidia. Halafu akasema, lakini wewe huna shida, wa kwako tayari ni karibu daktari. Nikasema, "Ndiyo, mama. Namshukuru Mungu."

Nilivyorudi jioni sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda yadi nikaulizia betri yako. Wakasema iko ndani ya gari la kampuni, ni ya kampuni, una shida gani nayo? Ningeipata kwa neno moja tu, ningesema ni ya mwanangu. Nikasema aah, nilikuwa nauliza tu.

Ulivyoniona mlangoni ulisema, "Shikamoo, baba," kama kawaida, na mama yako akapakua. Nilitamani uniseme. Ungenitukana ningelala usingizi. Lakini wewe ukaanza kitu kingine, ambacho mama yako mpaka leo hakijui. Humu ndani unaniita baba. Barabarani, ukinikuta nimesimama na watu, unavuka upande wa pili. Husalimii, hugeuki. Mwanzoni nilidhani ni hasira. Halafu siku moja ulinikuta peke yangu mbele ya duka la vipuri, ukanisalimia vizuri tu, na Tluway alipotokea ukaondoka haraka, na jinsi ulivyoondoka ndipo nikaelewa. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unanisitiri. Ulikuwa umeona kwamba baba yako ana aibu nawe, ukaamua kumpunguzia mzigo. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, mwanangu, kuliko hata ile noti.

Kikapu cha mbele kimekaa kitupu mwaka mzima. Umezikunja zile ncha za waya, ukazifunga kwa mpira wa tyubu, ukaiegemeza baiskeli nyuma ya nyumba, zile betri mbili unazichaji tu zisife, ukawa unakwenda kibandani kwa mguu. Hukutafuta betri nyingine. Mafundi wangekupa ya mkopo, lakini hukutaka, na mimi najua kwa nini, na kila asubuhi nikienda kunawa nakiona kile kikapu.

Wakati ule ulipokwenda Mbulu msibani nilinunua betri. Mpya, si ya kuokota. Nikasema nitaifunga mwenyewe, ukirudi uikute. Ebo! Mimi ni nani? Nilifunga waya uliotakiwa huku nikaupeleka kule, cheche zikaruka, na mimi nikaruka nazo mpaka kwenye banda la kuku. Kuku wakatawanyika. Mama yako alitoka mbio na mwiko, akaniona nilivyo na nyusi nusu, akacheka mpaka akakaa chini. Nikaificha ile betri chini ya kitanda, nikamwapisha asiseme. Uliporudi uliliona lile doa jeusi kwenye kikapu. Nilikuwa dirishani nakuangalia. Ulilipitishia kidole, ukaguna, ukachukua kisu ukalikwangua taratibu mpaka chuma kikang'aa. Nilifika mpaka mlangoni nikuambie. Nikauliza habari ya kuku.

Sikuandikii haya unisamehe haraka kabla ya basi. Basi linaondoka asubuhi, na msamaha wa stendi huwa ni wa kuwahi tu. Chukua muda wako. Dar ni mbali, na nitakuwa hapa hapa.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa madam. Nilimwambia yule fundi wa bondeni ni mwanangu, wa kumzaa, wa pekee, na hakuna daktari. Akasema, "Sasa kwa nini, Baba Aminieli?" Sijui kama kazi ipo mwezi ujao. Nimekwambia hili ulijue, si ulibebe.

Lakini madam ni mtu mmoja, ndani, mlango umefungwa. Mimi nilikukana barabarani.

Kwa hiyo nina ombi. Sijakuomba kitu tangu uzaliwe, nimekuwa nakuagiza tu. Betri iko kwenye kikapu chake, nimeiweka usiku huu, waya sijaugusa, usiogope. Barua hii nitaibana kwenye usukani, kwa sababu najua ukiamka utakwenda kuiaga hiyo baiskeli kabla ya kutuaga sisi. Ukimaliza kusoma, kama moyo wako unakataa, iache ilivyo, ingia ndani unywe chai, nami sitasema neno. Tranka lako litakwenda na mkokoteni, nitatembea nyuma yake, nitabaki upande wangu wa barabara.

Lakini kama unaweza, funga ule waya. Mimi nitakuwa nimevaa kaki yangu, nimepiga pasi. Nipandishe kwenye keria, mwanangu, pale juu ya kipande chako cha godoro, unibebe mpaka stendi. Usipitie njia ya nyuma. Pita barabara kubwa, pole pole, na ukifika pale wanaposimama madereva asubuhi kusubiri wageni, shika breki.

Watauliza ni nani huyo aliyekubeba. Wewe nyamaza. Niachie mimi nijibu.

Baba yako.